Ng'ombe wa Mahari ya Wakio

Mghoi alifika nyumbani kwa mjomba wake saa nne asubuhi akiwa na njaa, na njaa hiyo ndiyo iliyomponza.

Hakuwa amekunywa hata chai. Pikipiki ya kaunti ilikuwa imemgomea kule bondeni, akaipiga teke la kuwasha mpaka kisigino kikamuuma, na alipomaliza kupanda kilima cha Irighanyi koti lake jeupe la kazi lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho. Yeye ndiye afisa wa mifugo wa wadi nzima. Ng'ombe yeyote anayechinjwa nje ya kichinjio cha kaunti lazima amwone yeye kwanza, ampime kwa macho na mikono, agonge mhuri wa wino wa zambarau, ndipo nyama iingie sufuriani. Hiyo ni sheria. Mazoea ni mengine. Huitwa nyama ikiwa imeshaiva, akagonga mhuri kwenye paja lililobaki, akapewa sahani yake, na kila mtu akaenda zake ameridhika. Miaka sita Mghoi alikuwa akifanya kazi hivyo, na hakuna aliyekufa.

Leo ilikuwa shughuli ya Wakio, binti wa Mjomba Mwandoe. Wakio alikuwa na miaka thelathini na minane. Mchumba wake wa kwanza alifariki wiki mbili kabla ya harusi, wa pili akatorokea Taveta na mwanamke mwingine, na tangu hapo majirani wenye midomo mirefu walikuwa wakisema binti huyu ana mkosi. Sasa amepatikana Righa, fundi seremala, mtu mpole asiyesikiliza maneno ya watu. Jana jioni wakwe walileta ng'ombe wa mahari. Leo angechinjwa, na saa sita wakwe wangekuja kumla pamoja na wenyeji, pande mbili sufuria moja. Hapo ndipo ndoa ingehesabiwa imeshika.

"Daktari umechelewa!" alipaza sauti Kizaka, mpwa mwingine wa nyumba ile, ambaye kwenye kila sherehe ndiye mshika kisu. "Tumeshamaliza kazi. Wewe gonga tu mhuri wako ukae ule."

"Mlichinja saa ngapi?"

"Alfajiri. Mapema ndiyo bora. Jua likitoka nzi wanakuja."

Watu wakacheka. Uani kulikuwa na wanaume kama kumi na watano, wanawake wengi kuliko hao, na masufuria matatu makubwa juu ya mafiga. Kabla Mghoi hajajibu, mkaza mjomba wake, Mama Wakio, alishamshika mkono na kumwingiza jikoni, akampa kisahani cha maini ya kukaanga na kitunguu.

"Kula mwanangu, umekonda kama fimbo. Hiyo kaunti yenu haiwalishi?"

Mghoi alikula. Vipande viwili, vitatu. Alipoinua macho alimwona Mjomba Mwandoe amesimama mlangoni amevaa koti lake la kanisani, akimtazama. Alifungua mdomo kama mtu anayetaka kusema jambo, kisha akakohoa, akageuka akaenda zake.

Mghoi alitoka nyuma ya jiko kunawa mikono, na hapo, kando ya migomba, akapaona mahali walipochinjia. Damu ilikuwa kidogo mno. Ng'ombe mzima, tena mnene, hutoa damu ya kujaza ndoo mbili. Hii haikujaza karai, nayo ilikuwa nyeusi kama oili chafu ya gari, tena majimaji, haikuganda hata pembeni ingawa jua lilikuwa limeipiga masaa. Kichwa cha ng'ombe kilikuwa juu ya majani ya mgomba. Puani kulikuwa na damu hiyo hiyo nyeusi. Kando yake waliacha bandama kwa ajili ya mbwa, limevimba mara tatu ya kawaida yake, laini na jeusi.

Kimeta. Hakukuwa na neno jingine lililomjia. Ng'ombe mwenye kimeta huanguka ghafla na kufa, na ukimfungua unajifungulia maradhi. Mchinjaji huyapata kwa kidonda kidogo tu cha mkononi, na mlaji huyapata tumboni, na mtu wa tumbo akichelewa dawa huzikwa. Dawa zipo, tena si za ajabu, lakini hutakiwa mapema kabla mtu hajaanza kuumwa, na zahanati ya Irighanyi haikuwa na hata vidonge vya kutosha nyumba moja.

"Kizaka," aliita kwa sauti ya chini. "Njoo hapa. Huyu ng'ombe alikuwa hai ulipomkata?"

"Hai? Alirusha mateke, karibu anivunje goti!"

"Na damu ilikwenda wapi?"

"Ilimwagika. Damu humwagika, daktari, wewe si ulisomea?" Alicheka, lakini jicho lake lilikwenda pembeni, kwa mjomba. Kidole gumba chake cha kushoto kilikuwa kimefungwa kitambaa.

"Umejikata?"

"Kidogo tu, wakati wa kuchuna."

Mghoi alirudi uani akasimama mbele ya masufuria. Aliogopa, tena aliogopa watu wake mwenyewe kuliko ugonjwa. "Naomba mtu yeyote asile tena nyama hii," alisema. "Naomba moto uzimwe. Nadhani huyu ng'ombe alikuwa na kimeta."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mama Chokaa huyoo!" na uwanja wote ukalipuka kwa kicheko.

Jina hilo alilipata miaka miwili nyuma. Ng'ombe wa Mzee Kiwinda alikufa ghafla, Mghoi akaandika kimeta kwa kubahatisha, wakamzika kwa magunia ya chokaa, soko la mifugo likafungwa wiki tatu, kisha maabara ya kaunti ikasema ng'ombe alikula majani yenye sumu. Watu waliuza mbuzi kwa bei ya kuku mwezi ule. Hawakusahau, na kwa kweli hata Mghoi mwenyewe hakuwalaumu.

"Sisi tumekula tangu saa moja," alisema mzee mmoja, "mbona tuko wazima?"

"Haionekani siku hiyo hiyo, mzee."

"Na wewe mwenyewe si umekula? Midomo yako inang'aa mafuta!"

Kicheko tena. Mghoi alijifuta mdomo kwa mkono wa koti akaona aibu mpaka miguuni. "Nimekula," alisema. "Ndiyo maana nawaambia. Nimekosea kula kabla ya kukagua. Nataka dawa yangu, na yenu."

Mjomba Mwandoe alikuja polepole. Alikuwa mtu mrefu, wa maneno machache, na alipopita watu walimpisha. "Mghoi," alisema, "wewe ni mwana wa dada yangu, na leo ni siku ya Wakio. Hiyo kaunti yako imetuletea nini sisi hapa? Bomba lile lilikauka wakaja kupiga picha wakaondoka. Barabara umeiona mwenyewe, umepanda kwa miguu. Siku moja tu tunapofurahi ndiyo inakuja, kutumwagia nyama?"

"Mjomba, sikuja kama kaunti. Nilikuja kula harusi."

"Basi kula, au kaa."

Angeweza kuimwaga nyama. Sheria ilimruhusu kuikamata na kuiteketeza papo hapo. Lakini sheria ilikuwa imepanda kilima hiki peke yake bila askari, na vijana wawili walishasimama mbele ya mafiga wamekunja mikono. Mghoi akatoka hadi kwenye jiwe lililo nyuma ya choo, mahali pekee penye mtandao, akampigia bosi wake Daktari Saru kule makao ya kaunti ndogo. Alimweleza yote kwa haraka.

"Alichinjwa au alikufa?" Saru aliuliza.

"Wanasema alichinjwa. Naamini alikufa."

"Mghoi, mimi nakuamini, lakini kuamini kwangu hakuwashi gari. Baada ya yale ya Kiwinda unajua nilivyoitwa kwa waziri wa kaunti nikafokewa kama mtoto wa shule. Utaratibu sasa ni mmoja. Mwenye ng'ombe atie sahihi kwenye fomu kwamba alikufa ghafla. Ukiniletea alichinjwa, hiyo ni habari ya nyama tu, nitakuja kesho kutwa. Ukiniletea alikufa, ni mlipuko wa ugonjwa, watu wa afya wanafungua stoo, na gari linakuja leo na dawa za watu wote."

"Gari liko wapi?"

"Liko hapa mbele yangu, linapakia chanjo za watoto kwenda upande wa tambarare. Ni hili hili moja, mama. Likiondoka halirudi mpaka kesho jioni. Linaondoka saa tano na nusu."

Mghoi alitazama simu. Ilikuwa saa tano na dakika tatu.

"Nipige picha ya fomu nikutumie?"

"Nitumie picha yenye sahihi. Nitamzuia dereva hata kwa kumkalia ufunguo, lakini si baada ya saa tano na nusu."

Alirudi uani mbio, akatoa fomu mkobani. Palikuwa na mstari mmoja uliomhusu: *Mnyama alichinjwa / alikufa ghafla*, kata lisilotakiwa. Chini yake, jina na sahihi ya mwenye mnyama. Alimvuta Mjomba Mwandoe kando ya ghala, akamweleza kwa upole kadiri alivyoweza, kwamba hatamwaibisha mtu, kwamba ni karatasi tu, kwamba bila karatasi hii hakuna dawa.

"Alichinjwa," alisema mjomba.

"Mjomba, Kizaka ana kidonda mkononi. Kama ni kimeta, kesho kutwa mkono ule utakuwa mweusi. Tazama hawa watu wote."

"Nimekwambia alichinjwa." Sauti yake ilikuwa nzito lakini hakumtazama. "Unajua watasema nini? Ng'ombe wa mahari kafia zizini usiku kabla ya shughuli. Watasema ndio ule ule mkosi. Wakwe watarudi njiani. Righa ni mtu mzuri, lakini mama yake je? Mwanangu atazeekea humu ndani akinipikia uji. Unataka nitie sahihi hiyo?"

Hapo Mghoi alijua kwa hakika. Aligeuka kuwatazama watu. Kila mtu uani mikono yake iling'aa mafuta, hata wazee, hata watoto waliokuwa wakigombea mfupa. Mjomba Mwandoe peke yake mikono yake ilikuwa mikavu. Leso nyeupe ilikuwa imekunjwa mfukoni mwa koti lake, haijaguswa. Na Mwandoe ni mtu ambaye kwenye sherehe hangoji hata ini liive vizuri. Utani wa ukoo mzima ulikuwa juu ya Mwandoe na ini.

Saa ilikuwa tano na dakika kumi na tatu. Mghoi akafanya jambo ambalo mwana wa dada hamfanyii mjomba wake. Akarudi naye katikati ya uwanja, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Mkaza mjomba, mbona mjomba hajala? Mpakulieni!"

"Hajala?" Mama Wakio alishtuka, akaona haya kwa kumsahau mumewe. "Jamani, mwenye nyumba hajala!" Akapakua haraka, nyama ya mbavu yenye mafuta, mchuzi ukifurika ukingoni mwa sahani.

"Kula, mjomba," alisema Mghoi. "Kipande kimoja tu, hapa mbele yetu. Ukila nakunja karatasi yangu, nagonga mhuri, naomba radhi kwa kila mtu aliyepo, na nikirudi ofisini naacha kazi. Mimi nimekula. Kizaka amekula. Kula na wewe."

"Mkumbusheni adabu huyu!" alifoka mzee mmoja.

"Mwache ale tu," mwingine akasema. "Mwandoe, kula, Mama Chokaa afunge mdomo wake."

Mjomba Mwandoe alipokea sahani. Alishika kipande cha mbavu akakiinua mpaka usawa wa kidevu, na hapo kikasimama. Watu walikuwa wakicheka, kisha kicheko kikaanza kupungua, kwa sababu mkono ulikaa pale muda mrefu kuliko mkono wa mtu anayetaka kula. Mchuzi ulimchuruzika hadi kwenye mkono wa koti la kanisani. Mghoi alihesabu pumzi zake mwenyewe. Alitamani mjomba ale, Mungu amsamehe, kwa nukta moja alitamani kabisa mjomba ale ili yeye awe amekosea tena na mambo yaishe.

Mlango wa nyumba ukafunguliwa, Wakio akatoka, nusu ya kichwa imesukwa na nusu bado. "Kuna nini? Mbona kimya hivi?" Akaona sahani. "Baba, wewe huitaki? Ulisema nisubiri wakwe, lakini nimeshindwa, tumbo linauma kwa njaa. Nipe mimi."

Akanyoosha mkono.

Mjomba Mwandoe aliipiga ile sahani kwa nguvu zake zote. Ikaruka, ikagonga figa, nyama ikatawanyika vumbini, na mchuzi wa moto ukamrukia Kizaka miguuni.

"Usile!" alipiga kelele. "Usiguse!"

Mbwa mmoja aliinuka akaenda kuelekea zile nyama, na Mghoi akamfukuza kwa jiwe.

"Alikuwa amekufa," alisema mjomba. "Nilimkuta saa kumi amelala zizini, damu inamtoka puani. Nikamwamsha Kizaka tukamkata ng'ombe shingo. Nilijua ni kibudu. Kimeta sikukijua, naapa. Nilisema tutachemsha sana."

"Uliniona nikila," alisema Mghoi.

"Nilikuona."

Mghoi hakuwa na wakati wa kulilia neno jingine. Alimpa kalamu. Mjomba aliweka fomu juu ya paja lake akatia sahihi, herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, na Mghoi akakimbia nayo kwenye jiwe nyuma ya choo. Picha ilizunguka, ikazunguka, ikakataa kwenda. Alipanda juu ya jiwe akainua simu kama mtu anayepunga ndege. Saa tano na dakika ishirini na sita picha ikaenda. Dakika moja baadaye Saru akapiga.

"Nimeiona. Linageuka. Wangapi wamekula?"

"Kama arobaini."

"Na nyama nyingine iko wapi?"

Swali hilo Mghoi hakuwa amejiuliza. Aliporudi, moto ulikuwa umeshazimwa na vijana wale wale waliokuwa wakiulinda. Wanawake walikuwa wanalia. Kizaka alikuwa ameketi chini akikitazama kidole chake, na watu walimwacha nafasi pande zote. Wakio alikuwa amesimama mbele ya baba yake.

"Kwa hiyo mkosi ni mimi, baba? Ulitaka kuwalisha watu wote hawa kibudu ili nisionekane mkosi?"

Wakio akamnyang'anya mama yake simu. "Nampigia Righa mwenyewe. Nitamwambia ng'ombe wao amekufa, wasije kula, waje kunywa dawa, maana nao walimshika. Kama hatakuja tena, hatakuja."

Mghoi aliinama mbele ya mjomba wake. "Mjomba, ni nyama kiasi gani imetoka nje ya ua huu?"

Ilikuwa imetoka alfajiri, kama inavyotoka siku zote: mafungu kumi na moja kwa majirani wasioweza kuja, wazee, wagonjwa, wajane. Mama Wakio aliyataja majina moja moja huku akijipiga kifua.

"Lazima tuwafikie sasa hivi," alisema Mghoi. "Lakini mimi wakiniona na koti hili watafunga milango. Watasema Mama Chokaa amekuja tena. Wewe watakusikiliza."

"Niende niwaambie nini?"

"Ulichotuambia sisi."

Mghoi alidhani atakataa. Kisha mjomba akajiinua kwa kushika ukuta, akajikung'uta vumbi, akatangulia.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bibi Samba, mjane mwenye macho mabovu aliyekuwa akilea wajukuu wanne. Mjomba Mwandoe alisimama nje ya ua akavua kofia. Akabisha hodi.

"Nani? Mwandoe?" Bibi Samba alitoka akijifuta mikono kwa kanga, uso wote umejaa furaha. "Karibu, karibu! Tumeshakula, baba. Tena nyama laini, hata mimi nisiye na meno. Watoto hawajala nyama tangu Pasaka. Mungu akuzidishie, na Wakio Mungu amjalie watoto."

"Usinishukuru, Samba." Alikuwa akiikunja kofia mikononi. "Yule ng'ombe alikuwa kibudu. Alikufa kwa ugonjwa, nami nilijua amekufa nikawaletea. Watoe watoto tushuke nao barabarani. Gari la kaunti linakuja na dawa."

Bibi Samba alimgeukia Mghoi, akalitafuta lile koti jeupe kwa macho yake mabovu, kama anayemwomba aseme si kweli.

"Ni kweli, bibi," alisema Mghoi. "Lakini dawa inakuja. Tukiwahi, inatibika."

Tabasamu la mjane lilikuwa bado halijamtoka vizuri usoni.

"Na Wakio wako," aliuliza, "yeye alikula?"

Mjomba Mwandoe aliinamisha kichwa.

"Hakula," alisema.

Bibi Samba akatikisa kichwa polepole, akageuka kuelekea nyumbani kwake, akaanza kuwaita wajukuu wake kwa majina, mmoja baada ya mwingine.